Mama wa Refa

Kitendawili. Alipokuwa mchanga, akilia niliamka mimi peke yangu. Sasa akilia, uwanja mzima unasimama.

Niliwategea watu wangu Jumamosi ile tukiwa mezani asubuhi, na hakuna aliyekitegua. Mume wangu alisema ni king'ora. Mwanangu wa kwanza, ambaye ni muuza nyama na hufikiri kwa tumbo, alisema ni fahali. Mke wake, msusi, alisema, "Mama, ni huyu mtoto wangu, maana akilia hata majirani wanasimama." Mjukuu wangu akanuna. Huyo mjukuu tunamwita Swali, kwa sababu tangu ajue kusema hajawahi kumaliza sentensi kwa nukta.

"Bibi, kwani jibu ni nini?"

"Nipeni mji kwanza."

"Chukua mji wowote unaoutaka," mume wangu akasema, akisukuma kiti nyuma. "Mimi nina mechi."

Akaenda kwenye sinki na kikombe chake cha maji ya uvuguvugu na chumvi, akaanza kusukutua. Siku ya mechi nyumba yetu huamka kwa sauti hiyo. Grrr, anatema, grrr, anatema, mpaka koo linang'aa kama sufuria ya mgeni. Sauti ile anaitunza kuliko anavyotunza magoti yake, na magoti yake yanamlilia.

Uwanjani hakuna anayemwita kwa jina. Wanamwita Spika. Amekuwa shabiki wa Nyuki tangu kabla sijamjua, na tulipooana nilikuta nimeolewa na watu kumi na moja na wa akiba. Familia nyingine zikipata nafasi huenda kutembelea ndugu. Sisi tulikwenda uwanjani. Watoto wangu wote wamejifunza kutembea kwenye ngazi za jukwaa lile la zege, na hata leo, Nyuki wakicheza nyumbani, tunavaa jezi za njano tangu babu hadi mjukuu na kukaa safu ileile, karibu na nguzo yenye ufa.

Kazi ya Spika jukwaani ni moja: kumkaribisha refa. Refa akishaingia tu, kabla hajamkosea mtu, jukwaa zima humgeukia mume wangu. Yeye husimama polepole, huvua kofia, hujaza kifua. Kisha:

"Refa!"

"Eee!"

"Mama yako yuko wapi?"

"Kapotea!"

"Alikuzaa na nani?"

"Na giza!"

Hapo watu hucheka mpaka wanashikana mabega. Wimbo aliutunga mwenyewe, na anaujivunia kuliko nyumba aliyoijenga. Nyumba inavuja, wimbo hauvuji.

Sasa sikilizeni habari ya kitindamimba wangu.

Binti yangu huyu alianza kupuliza filimbi kwenye mechi za shule. Baba yake alicheka. "Refa," alisema, "ni mwizi aliyepewa filimbi badala ya pingu." Binti akacheka naye, akaendelea. Akapanda, akachezesha timu za mitaa, kisha ligi ndogo za mikoani, na kila alipopanda baba yake alisema ni zilezile mechi za shule. Alihama kwetu akapanga chumba na sebule ghorofani, upande wa pili wa mji, lakini kila Jumapili anakuja kula, na mkono wangu hukataa kupakua mpaka nisikie viatu vyake mlangoni.

Katikati ya wiki ile alikuja siku isiyo yake. Spika alikuwa ameenda kwa mashabiki wenzake tawini kupanga maneno. Mimi nilikuwa nachambua mchele.

"Mama, Jumamosi nachezesha."

"Shule gani?"

"Si shule. Nyuki na Tembo."

Nikaacha ungo. Nyuki na Tembo si mechi, ni ugomvi unaochezwa kwa viatu. Watani wetu wale wa bluu tukiwafunga tunawaambia kwamba tembo hata awe mkubwa vipi humkimbia nyuki. Wakitufunga wao, mume wangu hali chakula cha jioni na muuza nyama hafungui duka.

"Baba yako anajua?"

"Hajui, na usimwambie. Akijua atakwenda tawini watunge jipya. Nataka aje kama anavyokuja siku zote. Aketi pale pale. Anione naingia."

"Na ule wimbo?"

Akachukua punje ya mchele kwenye ungo, akaitafuna mbichi kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Akiniona kwamba ni mimi, na bado akauimba, basi mama. Sikanyagi tena hapa. Nitakaaje meza moja na mtu aliyewaimbisha watu kwamba mama yangu kapotea, na mama mwenyewe yuko pale ananipakulia wali?"

"Hataimba."

"Unaapa?"

"Damu ni nzito kuliko maji, mwanangu."

Ndivyo nilivyosema. Damu kweli ni nzito kuliko maji. Lakini sikuwa nimewahi kuipima na jezi.

*

Foleni ya kuingia ilikuwa ndefu na yenye viwiko. Kwenye geti la wanawake mlinzi alinipekua mpaka kwenye kilemba, akachukua chupa yangu ya maji, akang'oa kifuniko na kukitupa kwenye pipa lililojaa vifuniko.

"Bibi, kwa nini anang'oa?" Swali akauliza.

"Chupa yenye kifuniko hufika kwa refa," mlinzi akamjibu mwenyewe. "Isiyo na kifuniko humwaga maji njiani, inachoka."

"Kwani nani anataka kumpiga refa?"

"Wote," mlinzi akasema, akaita mwingine.

Nikamvuta Swali, tukapita.

Tukakaa safu yetu. Nyuma ya mume wangu hukaa fundi simu mmoja, kijana mwembamba mwenye kidomo cha kuchokonoa, ambaye kila mechi humpasha Spika moto kama gari la zamani.

"Shikamoo Spika. Mashine iko tayari?"

"Marahaba. Imepigwa chumvi asubuhi."

"Leo tunataka refa aombe uhamisho akiwa bado uwanjani."

"Ataomba kwa maandishi," mume wangu akasema, na watu wa safu mbili wakacheka. Mimi nilikuwa nashikilia mkono wa Swali kama mtu anayevuka barabara.

Kisha mlango wa chini ukafunguliwa. Waamuzi wakatoka mbele, timu nyuma yao. Wa katikati alikuwa amebeba mpira kwapani, nywele amezibana nyuma, soksi zimevutwa mpaka magotini. Jukwaa likaanza kupiga miluzi.

"Mwanamke!" fundi simu akapiga kelele kwa furaha. "Wametuletea mwanamke! Spika, Mungu anakupenda!"

Swali akasimama juu ya benchi.

"Bibi, mbona refa ana mwendo wa shangazi?" Akakaza macho. "Bibi, mbona ana shingo ya shangazi? Bibi... si ni shangazi yule?"

Msusi akamvuta chini akamziba mdomo. Muuza nyama akageuka kwa baba yake polepole, kama mtu anayegeuza nyama iliyoungua.

"Baba. Ni yule?"

"Sioni vizuri," mume wangu akasema.

"Baba, wewe huona ofsaidi ya upande wa pili."

"Nimesema sioni."

Lakini alikuwa ameona. Kofia ilikuwa tayari mkononi, na ikabaki pale mkononi, anaizungusha, anaizungusha. Kisha akanigeukia mimi.

"Ulijua."

"Nilikutegea asubuhi," nikamwambia. "Ukanipa mji."

Jukwaa zima lilikuwa limeshamgeukia. Watu wa safu za juu walikuwa wanapiga makofi ya kumwita: Spi-ka! Spi-ka! Akarudisha kofia kichwani, akakaa. Mungu wangu, nilitaka kumbusu pale pale mbele za watu, sisi na uzee wetu.

"Vipi, Spika?" fundi simu akamwinamia. "Leo betri imekufa?"

"Koo," mume wangu akasema.

"Koo na chumvi yote ile?"

Filimbi ikalia, na uwanja mzima ukasimama. Mimi nilisimama nikiwa na tabasamu langu la siri, na kwa nusu nzima ya kwanza nilitazama mtu mmoja tu. Alikuwa anakimbia vizuri. Watu wakubwa wenye mapaja kama magogo walikuja kumfokea usoni, naye akawaonyesha kwa kidole warudi, nao wakarudi. Mwanangu mimi, ambaye nilimfunga kamba za viatu!

Spika hakusema neno. Kila Nyuki walipopuliziwa filimbi, nyuma yetu matusi yalizidi, na fundi simu akazidi kuchokonoa: "Jamani Spika amehamia Tembo. Mnunulieni jezi ya bluu." Watu wakacheka, na safari hii walikuwa wanamcheka yeye. Nikaona shingo yake inavyojaa. Mtu aliyezoea kuchekewa hajui kuchekwa.

Wakati wa mapumziko muuza nyama alininong'oneza kwa hasira. "Mama, umetuleta kwenye mtego. Unajua mimi wateja wangu wako wangapi hapa? Wakijua refa ni dada yangu na Nyuki wakafungwa, nani atanunua nyama kwangu?"

"Wale mboga."

"Hili si jambo la mzaha."

"Na yule chini hachezi mzaha," nikamwambia. "Umemwona hata mara moja, au unaona nyama tu?"

Akaniacha. Mke wake alinisogelea, akanishika goti. Msusi mzuri anajua pa kuvuta na pa kuacha.

Nusu ya pili, mambo bado bila kwa bila, Tembo wakapata mpira wa kona upande wetu kabisa. Mpira ukaja juu, watu wakaruka, na beki wetu mmoja, yule mrefu ambaye mume wangu ana picha yake sebuleni, mkono wake ukainuka kama wa mwanafunzi anayejua jibu. Ukaugusa mpira. Niliona mimi na macho yangu yenye mtoto wa jicho.

Na mume wangu, kwa sauti ya chini kabisa, kabla mtu yeyote hajapuliza chochote, akasema, "Mkono."

Nilimsikia. Nataka mjue kwamba nilimsikia.

Filimbi ikalia. Binti yangu akanyoosha kidole penye alama nyeupe. Penalti.

Sijui niwaelezeeje kelele ile. Ilikuwa kama bati la nyumba linang'olewa na wewe umo ndani. Chupa zikaruka, zikimwaga maji njiani kama alivyosema mlinzi. Mzee mmoja wa heshima zake, aliyekuja na mkongojo, alikuwa anaurusha mkongojo hewani na kuudaka. Hongo! wakasema. Kanunuliwa! Arudi jikoni! Wakasema na mengine, nikamziba Swali masikio, yangu sikuwa na mikono ya kuyaziba.

Fundi simu akampiga mume wangu begani, tena kwa nguvu.

"Spika! Anatuibia unamtazama? Unaogopa mwanamke?"

"Kijana, niache."

"Anaogopa mwanamke! Jamani, Spika anaogopa mwanamke! Leo mkewe kamkataza!"

Safu tatu zikapiga kelele za kebehi. Na nikamwona mume wangu anasimama polepole. Nikamshika jezi.

"Usithubutu."

"Niachie."

"Umesema mwenyewe ni mkono. Nimekusikia. Kaa chini, baba watoto. Kaa chini, atakuona."

"Mimi nina watu wangu hapa," akasema, na macho yake hayakuwa kwangu. Akanitoa mkono kidole kimoja kimoja. Akavua kofia. Jukwaa likatulia kumsubiri, na utulivu ule ulikuwa mbaya kuliko kelele.

"Refa!"

"Eee!"

"Mama yako yuko wapi?"

"Kapotea!"

"Alikuzaa na nani?"

"Na giza!"

Chini pale, mshambuliaji wa Tembo alikuwa ameshaweka mpira. Binti yangu alikuwa na filimbi mdomoni. Akaitoa. Akageuka, akatazama jukwaa letu, safu yetu, nguzo yetu yenye ufa. Anaijua nguzo ile. Alijipimia urefu wake hapo akiwa mtoto. Alitazama kwa muda wa kumeza mate. Kisha akarudisha filimbi mdomoni, akapuliza, penalti ikapigwa, ikaingia.

Wao wakashangilia kule, sisi huku hatukujali hata goli. Watu walikuwa wamempata Spika wao. Wakampiga mgongoni, wakamtikisa mabega. "Tena! Tena!" Naye akaanza tena, usoni hana damu, jasho linamtiririka, anaimba kama mtu anayelima.

"Refa!"

"Eee!"

"Mama yako yuko wapi?"

Mimi ni mwanamke wa kukaa. Shuleni niliishia darasa la nne na hata huko nilikaa nyuma. Lakini nilijikuta juu ya benchi, viatu mkononi, sijui nilipandaje na nyonga hii.

"Niko hapa!"

Wale wa karibu wakakosa kuitikia.

"Niko hapa! Mama wa refa ni mimi! Sijapotea, nimekaa hapa tangu mchana nawasikiliza! Na mnataka kujua nilimzaa na nani? Nilimzaa na huyu! Huyu huyu anayewaimbisha!"

"Mama, shuka!" muuza nyama akalia. "Mama, nakuomba!"

Fundi simu alinitazama mimi, akamtazama mume wangu, akatazama uwanjani. Kisha uso wake ukafunguka kama mlango wa duka.

"Jamani! Refa ni mtoto wa Spika!"

Habari ikapanda jukwaa ngazi kwa ngazi. Niliiona ikipanda, vichwa vikigeuka safu baada ya safu. Mume wangu alikuwa bado amesimama, kofia mkononi, mdomo wazi, hajui amalize au aache. Hakuhitaji kumaliza. Fundi simu alimmalizia.

"Alikuzaa na nani?"

Na jukwaa zima, watu wake, wale aliowaogopa, wakajibu:

"Na Spika!"

"Alikuzaa na nani?"

"Na Spika!"

Watu hawakucheka kama walivyozoea. Safari hii kicheko kilikuwa na meno. Wakaanza kumwagia maji ya chupa zile zisizo na vifuniko. Maganda ya karanga yakaja kama mvua ya mawe. Mtu akampokonya kofia, ikatupwa mkono kwa mkono mpaka ikapotelea juu. "Msaliti! Mla hongo! Ulikuwa kimya kumbe unalinda biashara!" Muuza nyama aliinua ngumi, akakuta mbele yake ni mteja wake wa kila wiki, akaishusha. Msusi alikuwa amemfunika Swali kwa mwili wake, anawatukana wote kwa zamu bila kurudia tusi.

Askari mmoja alipanda akamshika mume wangu kiwiko.

"Mzee, twende. Utoke kwa miguu yako kabla hawajakutoa kwa yao."

Tukashuka ngazi zilezile walizojifunzia watoto wangu kutembea. Wimbo ukatusindikiza mpaka getini, na ninawaambia, haukuvuja hata kidogo.

*

Nje ya ukuta palikuwa na wauza maji na magari yaliyoegeshwa. Mume wangu alijiegemeza kwenye ukuta, amelowa, maganda ya karanga kwenye masikio.

"Umeniaibisha," akaniambia. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. "Miaka yote ile. Umeniua mbele za watu."

"Uliimba."

"Ungeniambia mapema!"

"Ningekuambia nini? Kwamba refa ana mama? Kila refa ana mama."

"Watu walikuwa wananicheka!"

"Na sasa?"

Akajikung'uta maganda mabegani. Muuza nyama akaanza: kwamba dada yake ana kiburi, angekataa mechi ile; kwamba mimi ni mama wa mtoto mmoja, wao wengine wameokotwa. Tulikuwa tunagombana hivyo, watu wazima barabarani, wauza maji wakitutazama, wakati filimbi ilipolia ndani ya ukuta. Ndefu, mara tatu. Na juu ya ukuta tukasikia uwanja mzima unainuka, maelfu ya miguu kwa pamoja.

"Bibi!" Swali akanivuta. "Akilia uwanja mzima unasimama! Ni filimbi ya shangazi! Jibu ni shangazi, sivyo?"

"Ni shangazi, mjukuu wangu."

Babu yake alisikia. Akageuza uso ukutani, akajifanya anapangusa masikio.

Simu yangu ikaita jua likiwa linaelekea kuzama, tumeshafika nyumbani. Nilipokea nikiwa jikoni.

"Mama." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeketi baada ya kusimama sana. "Nimesikia."

"Najua."

"Aliniona?"

Ningeweza kudanganya. "Alikuona."

"Basi," akasema. "Nilikwambia, mama. Sirudi hapo. Usiniwekee sahani kesho."

Nikatazama rafu. Sahani yake ina ua la bluu pembeni. Baba yake hupenda kuitania kuwa ni sahani ya Tembo.

Sikubishana. Niliichukua ile sahani, nikaifunga kwenye taulo, nikatia kwenye kikapu pamoja na gauni la kulalia, dawa zangu za presha, na kipakiti cha chumvi, sijui hata kwa nini chumvi. Nikapita sebuleni. Muuza nyama na mkewe walikuwa wameshaondoka kwao, hawasemezani. Mume wangu alikuwa amekaa chini ya picha ya beki.

"Unakwenda wapi?" akanong'ona. Alikuwa hana sauti kabisa.

"Mama wa refa nimepotea," nikamwambia. "Waulize watu wako wakutafutie."

Nikafunga mlango.

Nilitembea mpaka barabara kubwa kabla sijasikia kandambili nyuma yangu. Kandambili zile nazijua, moja huburuta. Sikugeuka. Kwenye kioo cha duka la dawa nilimwona kwa jicho la pembeni: amegeuza jezi ya njano ndani nje ili watu wasimtambue, mishono yote iko juu kama mtu aliyepasuliwa. Kijana mmoja kwenye kibanda cha vocha akamtambua hata hivyo. "Alikuzaa na nani?" akamwimbia, na wenzake wakaitikia. Hakuwajibu. Kandambili ikaburuta haraka zaidi.

Ngazi za kwa binti yangu zina giza, lakini nilipanda. Nikagonga. Akafungua akiwa amevaa kanzu ya nyumbani, nywele mbichi, na kwenye muundi mchubuko wa chupa ambayo haikuchoka njiani.

"Mama!" Akanikumbatia na kikapu changu chote. Kisha akaona nyuma yangu, vidato kadhaa chini, jezi iliyogeuzwa. Mikono yake ikaniachia.

"Huyo amefuata nini?"

"Muulize. Mimi sikuja naye."

Akanivuta ndani, akarudisha mlango, akatia mnyororo. Ukabaki upenyo wa kiganja. Akasimama pale, mikono kifuani, vile vile alivyosimama mbele ya wale wenye mapaja kama magogo.

"Baba," akasema. "Mama yangu yuko wapi?"

Kandambili ikapanda kidato kimoja.

"Nimeuliza. Wewe ndiye mwenye wimbo. Mama yangu yuko wapi?"

"Yuko hapa," mume wangu akasema. Haikuwa sauti, ilikuwa hewa yenye mikwaruzo.

"Alinizaa na nani?"

Nilimsikia akihangaika. Koo lile lililojaza uwanja lilikuwa linapiga kama pampu ya kisima kikavu.

"Na... mimi."

"Sikusikia."

"Na mimi, mwanangu."

"Sikusikii, baba. Uwanjani nilikusikia vizuri sana."

Mlango wa jirani ukafunguka kidogo. Wa ghorofa ya juu pia. Mume wangu alijaribu mara ya tatu na hakikutoka kitu isipokuwa kikohozi. Binti yangu hakujongea. Alitazama saa iliyokuwa mkononi, ile ya uwanjani, hajaivua.

Nikaenda jikoni kwake. Nikachemsha maji kidogo, nikayapoza kwa mengine ya bomba, nikafungua kikapu, nikatia chumvi kijiko kizima nikakoroga. Nikarudi mlangoni. Binti yangu alinitazama kwa hasira, lakini akasogea hatua moja. Nikapitisha kikombe kwenye upenyo, na mkono ukakipokea.

"Sukutua," nikamwambia. "Kisha useme tena. Kwa sauti ileile."

Majirani wakatoka wote wakasimama kwenye ngazi. Tukasubiri, mimi na refa, tukimsikiliza anavyosukutua gizani. Grrr, anatema. Grrr, anatema.